Kuvalisha Pikipiki: Miaka Yangu kwa Mzee Shabani

Watu wakisikia nilikuwa fundi pikipiki hudhani nilikuwa mtu wa injini. Injini nimezifungua, kama anavyozifungua yeyote aliyekaa gereji muda mrefu, lakini kazi iliyonilisha na kunisomeshea watoto ni makava. Hasa kava la eya klina, lile pambo linalokaa ubavuni mwa pikipiki, chini ya kiti, likifunika chujio la kusafisha hewa kabla haijaingia kwenye injini. Ninyi vijana mliorithi meza yangu mmezoea kuyatoa kwenye boksi yakiwa yanang'aa. Mmeniuliza mara nyingi sisi wa zamani tulikuwa tunayatoa wapi. Sasa nimestaafu, mikono imekaa bure, na mke wangu hataki niguse mabomba yake ya jikoni. Nawaandikia.

Nilifika Daraja Mbili, hapa Arusha, nikiwa mtu mzima mwenye familia. Kiwanda nilichokuwa nafanyia kazi kilikuwa kimeanza kupunguza watu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Madukani vitu vilikuwa vinarudi, sabuni, sukari, redio za kila namna, na wakati huohuo viwandani watu walikuwa wanaagana. Mke wangu alisema nchi imefungua mlango wa mbele ikasahau kufunga wa nyuma.

Jirani yetu mmoja alikuwa anaswali pamoja na Mzee Shabani, na ndiye aliyenipeleka. Mzee Shabani alikuwa Mrangi wa Kondoa, aliyekuja Arusha kijana na kuanza kwa kufua bati. Alitengeneza vibatari, birika na mifereji ya kukinga maji ya mvua. Plastiki ilipoingia, birika na vibatari vikamwishia mkononi, akahamia kwenye pikipiki. Gereji yake ilikuwa banda la mabati kando ya barabara, lenye meza moja ndefu na mfuko wa gunia uliojazwa mchanga, ambao mimi nilidhani ni wa kukalia. Nikaukalia. Akaniambia niinuke, hicho ni chombo cha kazi.

Akaniuliza kiwandani nilikuwa nafanya nini. Nikamwambia nilikuwa kwenye mashine ya kukandamiza bati, na nilisema kwa kujivunia kidogo.

"Basi mashine ndiyo ilikuwa fundi," alisema.

Siku hiyo alinipa kipande cha sufuria kuukuu, akaniambia nikikunje kiwe na tumbo kama bakuli. Nilikigonga kikapasuka. Akanipa kingine, nacho kikapasuka. Alipomaliza kunywa chai yake alichukua kipande cha sabuni ya kufulia, akalipaka bati jingine lote, akalipitisha juu ya moto wa gesi polepole mpaka sabuni ikawa nyeusi, kisha akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Aliponirudishia lilikuwa laini kama ngozi. Sabuni ndiyo inayokuambia aluminiamu imeiva. Ukiuzidisha moto baada ya hapo bati linaanguka lenyewe kama uji, na sufuria ya mtu imekwenda. Mambo haya hamyahitaji tena, lakini siku duka likifungwa na mteja amesimama mbele yenu, mtanikumbuka.

Sufuria zilikuwa ndiyo malighafi yetu. Pikipiki za wakati ule hazikuwa nyingi: za mabwana mifugo, za makatekista na wainjilisti, za wanafunzi wachache wa chuo cha uchungaji cha Makumira waliosaidiwa na marafiki wa nje, za wafanyabiashara. Zilikuwa zimetumika mpaka mwisho, na kava la ubavuni ndilo linalovunjika kwanza pikipiki inapoanguka. Kulipata la dukani ilikuwa ndoto. Kwa hiyo Mzee alilifua kwenye mfuko wa mchanga kwa nyundo ya mti, na kwa kuwa alikuwa mtu wa birika, hakuweza kuliacha bati likiwa tupu. Alilichora kwa tindo butu kutoka nyuma ili pambo litokeze mbele. Nyota, jogoo, jina la mteja, mlima wa Meru wenyewe. Wenye pikipiki walianza kuja hata kama kava lao lilikuwa zima. Kazi hiyo tuliiita kuvalisha.

Mteja ninayemkumbuka kuliko wote ni Nesi Eliaika. Alikuwa Mmeru mwenzangu, mkunga kwenye zahanati ndogo upande wa nyuma wa mlima, kule njia ya Ngarenanyuki, ambako vumbi ni majivu na linaingia hata kwenye yai. Alikuwa na pikipiki iliyoletwa na wafadhili, ndefu, ya njia mbaya, na aliiendesha akiwa amevaa koti la mvua juu ya sare nyeupe. Alianguka nayo kwenye korongo, kava likasagika, chujio likabaki wazi. Tulipofungua kabureta, majivu yalimwagika mezani kama unga.

Aliomba kava imara. Kisha, akiwa ameshafika mlangoni, akarudi akauliza kama Mzee angeweza kuchora tawi la kahawa, kwa sababu baba yake alikuwa mtu wa kahawa. Mzee alifanya tawi lenye majani na buni zimejaa. Mimi nilipewa kazi ya mkono, yaani kile kipande cha chuma kinachokaa nyuma na kulishikilia kava lisiguse chujio. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuachiwa kazi hiyo peke yangu. Niliukunja mara mbili ili usitetemeke, na kwa kukosa boliti ya saizi yake nikatumia ya cherehani, ya kwenye pedali. Mzee aliushika, akautikisa, akasema utakaa.

Hapa niseme jambo la kazi, maana naona vijana wanalisahau. Kava ni pambo, lakini limekaa mlangoni kwa pumzi ya injini. Acha nafasi ya kidole kati yake na mdomo wa kuvutia hewa. Weka vipande vya mpira wa tyubu kila linapoguswa na boliti, la sivyo litapiga kelele mpaka mteja akuchukie. Ukimaliza, washa, sogeza kiganja, usikie inavuta. Mpe mteja siku chache, kisha mwite ufungue plagi. Ikiwa nyeusi, umemfunga pumzi. Na kumbuka kwamba ukipanda mlimani hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo kosa dogo la mjini linakuwa kubwa huko juu.

Bwana Temba wa Kwa Mrombo ndiye aliyetufundisha hilo kwa vitendo. Alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu, mtu wa Kibosho, mcheshi, na alikuwa wa kwanza kutuletea kava la kromu kutoka Nairobi. Soko lilikuwa limefunguka sawasawa, na vitu vya kung'aa vilipita mpakani Namanga kwa magunia. Kava lenyewe lilikuwa kubwa kama sinia, lina kichwa cha simba. Mzee alimwambia litamziba. Temba akasema Nairobi nzima inavaa hilo. Tukamfungia kama alivyotaka. Akaenda nalo mpaka kilima cha kwanza, pikipiki ikazimika, akarudi akiisukuma, jasho limemlowesha, simba anang'aa. Mzee alitoboa matundu nyuma ya manyoya ya simba, mahali ambapo mtu hawezi kuyaona, na pikipiki ikapumua. Temba aliwaambia watu wote sokoni kwamba hayo matundu alikuwa ameyafikiria yeye. Alituletea wateja wengi sana.

Lakini makava ya kromu yalianza kuingia kwa wingi, na mengine ya plastiki yaliyopakwa rangi ya fedha, na Mzee akawa anafua machache. Mimi nikawa nafunga ya dukani. Hakulalamika. Alisema plastiki imeshamfukuza kwenye birika, kwa hiyo wanafahamiana.

Ndipo Nesi Eliaika akaibiwa pikipiki. Alikuwa ameitwa kwa mama aliyekuwa na uchungu, nyumba iko mbali na njia, akaiegesha kwa jirani akapanda kwa miguu. Alipomaliza kumzalisha na kushuka, haikuwepo. Habari zilitufikia kwa wateja. Siku chache baadaye bwana mifugo mmoja alituletea kava la kahawa. Alikuwa ameliokota mtaroni karibu na Usa River. Mwizi alikuwa amelitupa, maana pikipiki yenye pambo lile kila mtu wa Meru aliijua. Mzee alilifuta vumbi, akalitundika ukutani.

Nesi akaanza kutembea. Eneo lake lilikuwa kubwa, na kwa miguu halitembeleki. Baadaye tulisikia kwamba mama mmoja alijifungua kabla hajafikiwa, na mtoto hakuishi. Sikumwambia Mzee. Alikuwa ameshasikia.

Baada ya muda, mvua zikiwa zimeanza, alikuja Salimu. Salimu alikuwa mkwe wa Mzee Shabani, mume wa binti yake Mwanaidi, kijana mtaratibu aliyekuwa anabeba bidhaa kati ya Arusha na Moshi. Alikuja na pikipiki iliyopakwa rangi mpya nyekundu, tenki limebandikwa stika, na ubavuni pamefungwa kipande cha ubao. Alisema ameinunua kwa mtu Moshi, bei nzuri, anataka makava ya kromu pande zote mbili, makubwa kabisa. Mzee alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri. Nikaanza kufungua ubao.

Nyuma ya ubao nilikuta mkono wa chuma uliokunjwa mara mbili, umeshikiliwa na boliti ya cherehani.

Kazi ya mkono wako huwezi kuisahau. Niliinama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikijifanya natafuta spana. Nilijua nikifunga kromu, mkono ule hautaonekana tena, na Mzee hataumia. Nilijua pia kwamba Salimu ana watoto wadogo, na watoto hao walikuwa wanakuja gerejini Jumamosi kuchezea washa zetu, zile pete za boliti. Nilimpenda Salimu. Lakini kila nikiangalia ile boliti nilimwona nesi na koti lake la mvua, anapandisha kwa miguu. Mikono yangu ikakataa kuendelea. Nikamwambia Salimu asubiri, kuna kitu nataka Mzee akione.

Mzee aliporudi nilimwonyesha kwa kidole tu. Alipiga goti, akapitisha mkono nyuma, akaigusa boliti kama mtu anayepapasa jino linalouma. Kisha akainuka, akapangusa goti.

"Salimu," alisema, "hii pikipiki niliwahi kuivalisha."

Salimu akaanza kueleza, kwamba hakuiba, kwamba ameinunua kwa pesa yake, kwamba huyo mtu alimwambia kadi italetwa. Sauti yake ilikuwa inashuka kadiri alivyoeleza. Mzee akamwuliza kwa nini basi anataka kava kubwa kabisa. Salimu akaangalia stika za tenki. Nadhani mpaka leo hajui jibu lenyewe. Kuna mambo mtu anayajua bila kujiambia.

"Nitaipeleka kituoni leo," Mzee akasema. "Ukitaka tutaipeleka pamoja, uwaambie mwenyewe aliyekuuzia. Usipotaka nitaipeleka peke yangu, na nitasema nimeitoa kwako."

"Baba, wataniweka ndani."

"Najua."

Salimu aliniangalia mimi. Akaishika pikipiki usukani, Mzee akashika nyuma, wakaisukuma barabarani bila kuiwasha. Nilibaki mlangoni na spana mkononi mpaka wakapotea kwenye kona.

Walimweka ndani kweli. Alikaa majuma kadhaa, kisha akatoka na kutoa ushahidi, kwa kuwa alikuwa amejipeleka na kutaja jina. Aliyemuuzia alikamatwa pamoja na mwenzake mmoja. Pikipiki yenyewe ilibaki kituoni, maana ilikuwa kielelezo cha kesi. Mzee hakusubiri. Alichukua mkweche wa gereji, ile pikipiki yetu ya kufuatia vipuri, akafunga matairi mapya, akanituma nimpelekee Nesi Eliaika. Nilipomkabidhi aliizunguka akaikagua kama anayepokea mgonjwa, akauliza breki zikoje. Nikamwambia zipo. Akasema kwa barabara yake, zipo haitoshi. Nikazikaza hapohapo. Aliitumia mpaka yake iliporudi, na iliporudi tulimrudishia kava lake la kahawa kutoka ukutani.

Mwanaidi alikuja gerejini mara moja tu, Salimu akiwa bado ndani. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni. Nilitaka kutoka nje, Mzee akaniashiria nibaki.

"Baba, ungeweza kuiacha ipite," alisema.

"Ningeweza."

"Kwa nini hukuiacha?"

"Na wewe uliwahi kumsubiri nesi, Mwanaidi."

"Na sasa wanangu wanamsubiri baba yao."

Mwanaidi aliondoka. Hakurudi tena. Watoto hawakuja Jumamosi. Idi zilikuja na kupita, na Mzee aliswali, akarudi gerejini, akakaa mezani siku ya sikukuu akipanga tindo zake. Nilikuwa nampelekea chakula alichopika mke wangu. Alikula kwa heshima na kushukuru, lakini niliona anavyokitazama kabla ya kula, kama mtu aliyeletewa barua ya mwingine. Nilimwuliza wakati mmoja kama anajutia. Alisema hajutii kupeleka pikipiki. Anajutia kwamba iliyokuja ilikuwa ile.

Hivyo ndivyo miaka ilivyopita. Salimu aliacha safari za Moshi, akapata kibarua kwenye maghala. Tulisikia habari zake kwa watu. Makava ya kufua yalikwisha kabisa. Kisha zikaja pikipiki za Kichina, na mji mzima ukajaa bodaboda. Hapo kazi ilibadilika sura. Kila kijana alitaka yake isifanane na ya mwenzake: vishada kwenye usukani, maneno kwenye kioo, kava la eya klina lenye rangi ya timu yake. Nilikuwa nafunga makava kutwa nzima. Mzee Shabani macho yalikuwa yamefifia, alikuwa anakaa kwenye benchi kwa kuzoea tu, na vijana walimwamkia shikamoo wakipita bila kujua alikuwa nani. Na wengi wenu mliingia kazini wakati huo, kwa hiyo ya baadaye mnayajua, mlikuwepo. Nitawaambia moja mliloliona bila kulielewa.

Mtakumbuka asubuhi alipokuja mtu mzima mwenye mvi kidogo, na bodaboda mpya isiyo hata na vumbi. Alizima mbali, akaisogeza kwa mkono. Alikuwa Salimu. Alisimama mbele ya benchi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Kabla hajaulizwa lolote alitoa kadi ya pikipiki mfukoni, akamnyooshea kwa mikono miwili. Mzee asingeweza kuisoma hata kama angetaka. Aliipapasa ukingo, akaisukuma irudi.

"Weka mfukoni," alisema. "Sogeza pikipiki kivulini."

Nilimwonyesha Salimu makava tuliyokuwa nayo, yamejaa ukutani ya kila rangi. Akasema anataka la kufuliwa. Nikamwambia Mzee hafui tena. Mzee akasema nilete sufuria.

Alilifua yeye. Mimi nilipaka sabuni na kushika moto, kwa kuwa sabuni inapobadilika rangi asingeiona, lakini nyundo alishika mwenyewe, na kazi ya kiganja haikuhitaji macho. Ilichukua sehemu kubwa ya siku. Aliuliza Salimu anataka pambo gani. Salimu akasema Mwanaidi amesema baba yake achague mwenyewe. Mzee akaendelea kugonga. Aliliacha bila mchoro wowote, laini, lina ukingo uliokunjwa tu, na ndilo kava safi kuliko yote niliyowahi kufunga. Nilifanya mkono, nikaweka mipira, nikawasha, na Mzee akaweka kiganja chake kusikia hewa inavuta.

Salimu alipokuwa anajiandaa kuondoka alifungua kapu lililokuwa limefungwa nyuma ya kiti, akatoa hotipoti iliyofunikwa kitambaa, akaiweka kwenye benchi. Hakusema imetoka kwa nani. Mzee alifungua, mvuke wa pilau ukamjia usoni, akakaa hivyo ameishika. Ninyi mlikuwa mnapiga kelele za mpira wa jana. Niliwageuzia mgongo nikaanza kupanga spana zilizokwisha kupangwa.

Alikula yote. Akasema chumvi imezidi. Kisha akaomba maji, akaiosha hotipoti mwenyewe, ndani na nje, akaikausha kwa shati lake. Salimu akanyoosha mkono kuipokea.

Mzee hakumpa. Aliiweka chini ya benchi, upande wa miguu yake.

"Mwambie aifuate mwenyewe," alisema.

Aliifuata kesho yake asubuhi, hatujafungua hata milango.